Kompyuta za kwanta na siri za nchi: je, sisi wa mpakani zinatuhusu?

Mkazi wa Shangani, Mtwara
Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Inaelezwa kwamba kompyuta za kwanta, yaani mashine zinazokokotoa kwa kutumia tabia za chembe ndogo mno kama atomu, zitaweza kuvunja usimbaji (ufungaji wa ujumbe kwa funguo za siri) unaolinda mawasiliano ya serikali na ya mabenki. Huku kwetu kuna Mto Ruvuma, ambao tangu Oktoba 2017 ng'ambo yake, Cabo Delgado nchini Msumbiji, hakujatulia, na kuna bomba la gesi linalotoka Madimba hadi Dar es Salaam. Ikiwa mashine hizo bado hazijafikia uwezo huo, kwa nini tuhangaike nazo leo?

Msomaji wa Mikindani
Ndugu yangu, hatari haisubiri mashine ikamilike. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta yenye uwezo wa kutosha ingeweza kupata haraka vigawo vya namba kubwa mno, na ugumu wa hesabu hiyo ndio unaoulinda mfumo wa RSA, aina ya usimbaji inayotumika sana. Adui anaweza kunasa mawasiliano leo, akayahifadhi yakiwa yamefungwa, akangoja. Kwa hiyo cha kupima ni umri wa siri yenyewe. Bei za zabuni ya korosho huacha kuwa siri siku ya mnada, na atakayezifungua baada ya miaka 20 atakuwa amejichosha bure. Lakini takwimu za kijiolojia za eneo la gesi la Mnazi Bay, au majina ya wanakijiji wanaovipa taarifa vyombo vya ulinzi, hazichakai upesi hivyo.

Fundi Mitambo, Lindi
Naongeza kwamba kinga haihitaji mashine ya kwanta. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango 3 vya usimbaji uliobuniwa kuhimili mashambulizi hayo, navyo hufanya kazi kwenye kompyuta tulizonazo. Kinachosumbua ni kujua usimbaji wa zamani umejificha wapi: katika ruta, katika mifumo ya malipo, na hasa katika vifaa vya kudhibiti mitambo, ambavyo vikishafungwa hukaa miaka mingi bila mtu kuvigusa. Waraka kutoka makao makuu hauwezi kuvibadilisha.

Mzee wa Kilwa
Mbona China ilirusha satelaiti ya Micius mwaka 2016 ili kugawana funguo za siri kwa chembe za mwanga? Je, si afadhali tungoje teknolojia hiyo?

Fundi Mitambo, Lindi
Shikamoo, Mzee. Jaribio lile lilifaulu, lakini kituo cha usalama wa mtandao cha Uingereza hakiipendekezi njia hiyo kwa mawasiliano ya serikali, kwa kuwa inadai vifaa maalumu na peke yake haithibitishi kwamba unayezungumza naye ndiye unayemdhani. Mimi ningeipa macho zaidi teknolojia ya vihisi vya kwanta, vinavyojaribiwa ili chombo baharini kijue kilipo hata mawimbi ya GPS yakivurugwa. Kwa pwani ndefu kama yetu, hilo lingefaa doria mapema kuliko funguo za satelaiti.