Ushauri: Nimwite laigwanani amalize ugomvi shuleni?

Mwalimu_wa_Nyika: Wakuu, habari za usiku. Mimi ni mwalimu wa nidhamu, shule ya kata yenye mabweni, umasaini huku Mkoa wa Arusha. Wiki ya pili sasa usingizi sina. Vijana watano wa kidato cha tatu wametoka jandoni likizo ya Desemba, na hawataki kuandikwa majina na kiranja wa prepu. Wanasema si wa rika lao. Alhamisi mmoja alipora daftari la majina, akalichana, kiranja akaumia mkono. Bodi inataka wasimamishwe. Nawajua, hao wakitoka hawarudi, wataishia ulinzi mjini. Nimefikiria kumwita laigwanani wao, yaani kiongozi wa rika lao, wakae chini ya mti. Mnashaurije?

Kifimbo: Fimbo nne kila mmoja, kesi imeisha. Sisi tulichapwa na tupo.

Mama_Wawili: Kanuni za 2002 zinasema zisizidi 4, na achape mkuu wa shule au aliyemwidhinisha kwa maandishi. Halafu? Kijana aliyekaa mbele ya kisu cha jando bila kupepesa jicho, utamtisha na fimbo?

Mtu_wa_Mgunga: Nimezaliwa huko. Laigwanani haamrishi, anasikiliza hadi wa mwisho aseme, ndipo anafunga maneno. Ila huyo ni kijana mwenzao. Ita na wazee wa olpiron, waliowawashia moto rika hilo, ndio wenye kuwakanya. Mimi nikiwa morani nilimpasua mwenzangu kichwa kisimani. Nilikalishwa tangu asubuhi hadi ng'ombe wanarudi, kila mzee anainuka na rungu lake anasema. Aibu ile sijaisahau. Baba alitoa mtamba. Niliyempiga leo ni shemeji yangu.

Babu_Mstaafu: Utawala wa machifu ulifutwa 1963, leo mnaurudisha kupitia dirisha la shule? Na wanafunzi wasio Wamasai watahukumiwa na nani?

Mtu_wa_Mgunga: Babu, laigwanani si chifu.

Mama_Wawili: Mwalimu, watano umewaeleza hadi jando lao. Kiranja ni nani? Mkono umeumiaje?

Mwalimu_wa_Nyika: Ni binti wa kidato cha nne. Kidole kimevunjika, mkono wa kulia. Sikuficha, niliona haibadilishi swali. Na kusema kweli wazee nimeshaongea nao, wanakuja Jumamosi. Baba wa binti amekubali mtamba mmoja.

Mama_Wawili: Kidole cha binti, mtamba wa baba.

Mwalimu_wa_Nyika: Ndivyo mila ilivyo, dada. Nikimpeleka polisi mtoto wa miaka 17 nitakuwa nimemjenga?

Mama_Wawili: Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda huyo. Binti naye inamlinda.

Jicho_la_Tatu: Chai hii, tena ya rangi. Mwanzo kiranja, sasa binti. Kiranja wa kike anaingiaje bweni la wavulana usiku?

Kifimbo: Nilihisi. Leteni vitafunwa.

Mwalimu_wa_Nyika: Someni vizuri. Niliandika prepu. Prepu ni darasani, wavulana na wasichana pamoja, taa ya sola moja. Natamani ingekuwa chai.

Mtu_wa_Mgunga: Kama ni kweli, nabadili ushauri. Baraza lile mwanamke huzungumziwa, hazungumzi. Wazee wakae na vijana juu ya heshima, hilo wanaliweza kuliko bodi yoyote. Lakini kidole usiwaachie. Kipeleke kwa bodi, wazazi na afisa ustawi wa jamii. Na mama yake aitwe, si baba peke yake.

Mama_Wawili: Mwenyewe anataka nini?

Jicho_la_Tatu: Hatajibu.

Mwalimu_wa_Nyika: Sijamuuliza. Prepu haji tena. Matroni anasema jioni anakaa kitandani anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, jina lake tu, ukurasa mzima. Kesho kabla ya paredi nitamwita, matroni akiwepo. Wazee nitawapigia baada ya hapo.