Tupeane uzoefu: Maarifa ya Jamii ya shule ya msingi ilikuachia nini?

Mama Wawili: Wakuu, mwanangu yuko la tatu. Jana kauliza yule bwana na bibi kwenye nembo ya taifa wameshika nini. Nikajibu bila kufikiri: pembe za ndovu, miguuni karafuu na pamba, chini Uhuru na Umoja. Fimbo ilifanya kazi jamani! Nyie mnakumbuka nini? Halafu kaambiwa achore ramani ya nyumbani hadi shuleni, nimsaidieje?

Kitasa: Mikoa! Tuliiimba kama kwaya, yote 25. Ukiruka Lindi unaanza upya.

Dogo Janja wa Ruhuwiko: 25 ya wapi mkuu? Ni 31.

Kitasa: Kijana, mimi nasoma Manyara bado iko ndani ya Arusha. Imekuja 2002. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu 2012, Songwe 2016. Heshimu wakubwa.

Dogo Janja wa Ruhuwiko: Shikamoo babu.

Mkilosa: Mmenikumbusha mbali. Nilihamia Dar nikiwa la nne. Mwalimu kauliza kila mtu kwao wapi, nami kwa madaha: "Msovero, Kilosa." Haukupita muda tukafika mada ya ukoloni. Mwaka 1884 Karl Peters kaingia Usagara, Chifu Mangungo wa Msovero katia alama kwenye mkataba wa ulaghai. Darasa zima likanigeukia. Mwalimu, chaki mkononi, anacheka: "Kumbe waliouza nchi tunao humu humu!" Basi, jina langu likafa siku hiyo. Kalamu ya mtu ikipotea, "muulizeni Mangungo kamuuzia nani." Siku moja mapumziko nikamrukia mmoja, shati lake likachanika mpaka kwapani, mama akaitwa. Nilijua ataniwasha palepale. Wapi! Kasimama katikati ya ofisi ya walimu, khanga kiunoni: "Mwalimu, ule mkataba uliandikwa Kijerumani. Wewe ungeusoma?" Kimya. Lakini jina halikutoka, mpaka kidato cha nne naitwa Mangungo.

Asha K: Mama yako nampigia saluti.

Kipanga: Pamoja na yote, chifu unasainije kitu usichokielewa?

Mkilosa: Yale masharti ya mkopo wa kwenye simu uliyasoma kabla ya kubonyeza 1?

Kipanga: Hapo umenimaliza.

Ticha Mstaafu: Mama Wawili, usimchoree. Asubuhi mtoe nje, anyooshe mkono wa kulia jua linakochomoza, mbele yake ndiyo kaskazini. Kisha mtembee njia yote, aweke duka, msikiti, bomba la maji. Asisahau dira na ufunguo.

Chapati Moto: Asubuhi ipi hiyo, na daladala zenyewe hizi? Mchoree tu, ila chora vibaya. Wetu akiona ramani nzuri alikuwa anaita mzazi.

Asha K: Mangungo endelea, ilikuwaje sekondari?

Dogo Janja wa Ruhuwiko: Samahani, kwenye bendera ile ni njano au dhahabu?

Kitasa: Madini. Kalale.