Misafara ya baiskeli za mbio barabara kuu: mstari mmoja au wawili wawili?

Mleta mada
Wakuu, hili jambo linabishaniwa kwa hasira kuliko hoja, kwa hiyo nalileta hapa. Kila mwisho wa wiki, alfajiri, misafara ya baiskeli za mbio inatoka Dar kuelekea Bagamoyo. Ukishaiacha Bunju barabara ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi: Mapinga, Kerege, Zinga. Madereva wanataka waendeshaji wapange mstari mmoja, tena pembeni kabisa. Waendeshaji wengi wanataka kwenda wawili wawili.

Mimi niko na wawili wawili. Chukua njia ya mita 3.5. Mwendesha baiskeli akae nusu mita kutoka ukingo wa lami, na usukani ukitoka sentimita 20 upande wa kulia, ameshatumia 0.7. Mwachie nafasi ya mita 1.5, ndipo uweke semi (lori la trela) yenye upana wa mita 2.5. Jumla 4.7. Yaani hata kwa baiskeli moja tu, semi lazima ivuke mstari wa kati kwa zaidi ya mita. Kama inavuka vyovyote vile, basi msafara uwe mfupi ili ivuke kwa muda mchache. Baiskeli 12 kwa mstari mmoja ni kama mita 30. Wawili wawili ni mita 15. Uingereza walirekebisha mwongozo wao wa barabara Januari 2022 na kuandika wazi kwamba kwenda wawili wawili kunaruhusiwa, na kwamba dereva aache angalau mita 1.5 anapompita mwendesha baiskeli. Sisi tunangoja nini?

Dereva wa semi
Mkuu, hesabu yako ni nzuri ila umelificha bega la barabara, ile sehemu ya pembeni nje ya mstari mweupe. Pale penye bega la lami la mita 1.5, baiskeli ikikaa katikati yake, usukani unaishia kama nusu mita kabla ya mstari mweupe. Mimi nikiacha mita 1.5 zako, nahitaji njia ya 3.45. Natosha bila kuvuka chochote. Mnaonilazimisha kuvuka ni nyie mnaokuja ndani ya njia yangu wakati pembeni pako wazi.

Halafu tuongelee breki. Ukomo wetu ni kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22 kila sekunde. Nikikuona na kukanyaga breki baada ya sekunde moja na nusu, nimeshakwenda mita 33. Kusimama kwenyewe, lami kavu na breki nzuri, ni mita nyingine 50 hivi. Ukiwa na mzigo, lami imelowa, ongeza mwenyewe. Sasa mnatoka kwenye kona wawili wawili mkipiga soga.

Fundi wa baiskeli, Arusha
Ndugu dereva, hilo bega unalolisifu lione kutoka kwenye tairi la milimita 28 lililojazwa upepo wa PSI 70, si kutoka dirishani kwako. Taka zote za barabarani zinafagiliwa na upepo wa magari na kutua pale. Kibaya kuliko vyote si misumari, ni vinyaya vya chuma vya tairi za malori zilizopasuka. Kinyaya kina urefu wa nusu sentimita, chembamba kama unywele, kinapenya raba polepole. Pancha unaisikia kilomita tano mbele. Unabadilisha tyubu, unajaza, inatoboka tena, kwa sababu nyaya bado imo ndani ya tairi. Dawa yake ni kupitisha kitambaa (si kidole) ndani ya tairi lote, kitakwama pale ilipo, kisha uing'oe kwa koleo dogo.

Kuna na ukingo. Sehemu nyingi bega limeliwa na mvua, lami inaishia kwa ngazi ya sentimita tano au zaidi. Gurudumu la mbele likishuka pale, mtu kwa silika anavuta usukani kurudi juu. Ubavu wa tairi unasuguana na ukingo, gurudumu haliwezi kupanda, lakini mwili umeshainamia kulia. Anaangukia ndani ya njia, mbele yako. Ukishuka, shuka: usipige breki ya mbele, nyoosha usukani, acha mwendo uishe, simama, beba baiskeli urudi juu. Hili wafundishwe kabla ya kununuliwa viatu vya kubana kwenye pedali.

Kwa hiyo nakubali bega litumike pale linapofaa. Nakataa liwe amri kwa kilomita zote.

Mkazi wa Kerege
Mnagawana bega kama halina wenyewe. Asubuhi hiyo hiyo pale kuna wanafunzi, akina mama wa samaki, bodaboda zinazokuja kinyume, na baiskeli za mkaa zenye magunia matatu ambazo haziwezi kukwepa kitu. Mtu wa mbio anakuja na kilomita 35 kwa saa, kimya, halina kengele hilo baiskeli lake la mamilioni. Kwetu nyie ndio semi.

Kiongozi wa msafara
Mkazi ana hoja, nitarudi kwake. Kwanza niikamilishe hesabu ya mleta mada, maana aliikatia njiani.

Semi ya mita 18 inakwenda 80, msafara unakwenda 35. Tofauti ni 45, sawa na mita 12.5 kwa sekunde. Weka mita 20 za kutoka na 20 za kurudi njiani. Baiskeli 12 kwa mstari mmoja: mita 88, sekunde 7. Wawili wawili: mita 73, sekunde 5.8. Umeokoa sekunde moja na kidogo. Gari la mbele nalo likija na 80, barabara wazi inayohitajika inashuka kutoka mita 313 hadi 260. Si haba, lakini si muujiza.

Sasa fanya kwa baiskeli 30, ambazo ndizo tunazoziona Jumapili. Hata wawili wawili, semi inahitaji kama mita 340. Nane kwa mstari mmoja? 277. Mnaona? Wanane waliopanga mstari mmoja ni rahisi kupitwa kuliko thelathini wanaokwenda wawili wawili. Tunagombania mistari wakati tatizo ni idadi. Msafara ukatwe makundi ya wanane, na kati ya kundi na kundi ziwepo mita 150 angalau, ili gari lipite moja, lirudi njiani, lisubiri, lipite jingine.

Na mwenye ndoto ya kundi kubwa la Kigali, Septemba 2025, akumbuke mashindano yale ya dunia ya baiskeli yalikimbiwa kwenye barabara zilizofungwa.

Mleta mada
Sawa kiongozi, ila Wafaransa wana suluhisho la kati: wawili wawili wanaruhusiwa, gari likiashiria linataka kupita wanapanga mstari mmoja, na giza likiingia ni mstari mmoja. Kwa nini tusifanye hivyo?

Kiongozi wa msafara
Kwa sababu ya muda. Kuingia mstari mmoja si kubonyeza swichi. Wa mwisho anapaza sauti "gari nyuma", sauti inapita hadi mbele, kila wa ndani anafungua pengo la baiskeli moja, wa nje anaingia, na wa nyuma kabisa wanalazimika kupunguza mwendo. Watu 12 wenye mazoea wanahitaji sekunde 10 hadi 15. Semi inawakaribia kwa mita 12.5 kila sekunde, kwa hiyo uione ikiwa mbali mita 150 na zaidi. Hata rada ya Garmin Varia RTL515, ya kufunga nyuma ya kiti ikuonyeshe magari yanayokuja, inaona hadi mita 140 tu. Mkianza kujipanga dereva akiwa ameshatoka kuwapita, msafara unarefuka mbele ya macho yake naye yuko upande usio wake. Hapo ndipo ajali inapozaliwa. Kanuni yangu: umechelewa kuiona? Bakini mlivyo, shikeni mstari.

Mdau, Nairobi
Huku Limuru tumelimaliza hivi: kwa mlima, mstari mmoja daima. Mwendo ni kilomita 12 hadi 15 kwa saa, upepo wa kujikingia nyuma ya mwenzako haupo, hivyo sababu ya kwenda wawili ni porojo tu. Kwa mteremko, mmoja mmoja na pengo la mita 10, mikono chini kwenye usukani, viwiko vimelegea. Lori likikupita karibu linakusukuma nje kwanza, kisha linakuvuta ndani kuelekea trela. Usifunge breki wakati huo.

Mkazi wa Kerege
Na vijijini?

Kiongozi wa msafara
Vijijini, kuanzia kibao cha 50 hadi kinapoisha: kilomita 25 kwa saa mwisho, mstari mmoja, ndani ya njia, si kwenye bega la watoto. Na kengele ifungwe. Ina gramu 20, haitamchelewesha mtu kufika Bagamoyo.

Fundi wa baiskeli, Arusha
Ongeza: kwenye rasta (vituta vidogo vya barabarani) nyanyua makalio, chupa ikazwe. Chupa ikidondoka katikati ya kundi, wa nyuma anaikanyaga.

Mleta mada
Mbona hakuna aliyegusa gari la kusindikiza? Likikaa nyuma na taa za hatari, tatizo limekwisha.

Dereva wa semi
Limeongezeka, mkuu. Gari lenu likikaa mita 40 nyuma ya msafara, mimi sasa napita gari, pengo na msafara kwa mkupuo mmoja. Mmenirefushia kwa mita 45, na lenyewe limeniziba nisione baiskeli ni ngapi. Ama likae mita 200 nyuma, nilipite, nirudi njiani, ndipo niwaangalie nyie, ama libaki nyumbani. Na mnaporudi Dar saa moja asubuhi jua liko usoni kwetu, taa nyekundu ya nyuma iwe inawaka, hata kama kumekucha.