Makao ya wazee yalazimishwe kuwa na mwanasaikolojia? Mi nasema ndio

Wakuu, kila ikija habari ya makao ya wazee tunaongelea presha, sukari, nani anamgeuza mgonjwa asipate vidonda, ila moyo wa mzee hauna hata mstari kwenye faili. Jamaa mmoja kaniambia "mzee anahitaji ndugu zake, sio saikolojia". Nakubali ndugu waje, tena waje sana, lakini mtu aliyefiwa na mwenzie, akaiacha nyumba yake, na miguu nayo ikagoma, yote ndani ya mwaka mmoja, ule mzigo hautuliki kwa kutembelewa Jumapili.

Kuna bibi nilikuwa namtembelea. Siku ya tatu sahani inarudi jikoni haijaguswa, kageukia ukutani, ukimuuliza anasema "nimechoka tu mwanangu". Kwenye daftari la zamu wameandika "amekula kidogo", basi. Ni uzee au ni sonona? Hakuna aliyeuliza, na wala kuuliza si kazi ngumu, kuna dodoso la GDS la kupima sonona kwa wazee, ile fomu fupi ya 1986 ina maswali 15 ya ndio na hapana, nesi akielekezwa anaweza kabisa. Kwa mzee ambaye dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) imeshamzidi lile halimfai, ila kuna kipimo cha Cornell cha 1988 ambacho anayemhudumia naye anaulizwa.

Wanaosema vidonge vinatosha nao wasome. Zile dawa za magonjwa ya akili wanazopewa wazee wenye dimenshia ili watulie, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliziwekea zile mpya onyo kali 2005 kwamba zinaongeza hatari ya kifo, na 2008 onyo likafika mpaka kwa zile za zamani.

Gharama naielewa, kwa hiyo sisemi kila makao yaajiri wa kwake, mmoja azunguke makao kadhaa kwa ratiba inayojulikana. Simu ya video itasaidia baadhi, ila kwa asiyesikia vizuri ni mateso. Halafu chumba jamani! Vitanda viwili, katikati pazia, mwenzake anasikia kila neno, nani atafungua moyo hapo?

Anayepinga naomba anijibu hili moja: usiku mzee akimwambia nesi "natamani nisiamke kesho", pale makao anaitwa nani?