Gari jeusi lina mistari kama utando wa buibui: mkono utatosha au nitafute mashine?

Mbuyuni04
Habari wakuu. Gari ni Toyota IST ya 2004, nyeusi yenye chembe za kung'aa, lipo Dar na linalala nje. Kivulini halina tatizo, ila likipigwa na jua la saa nne, boneti na milango vinaonyesha mistari myembamba ya duara kama utando wa buibui. Kuna vidoa vyeupe vya maji visivyotoka kwa sabuni. Mlango wa nyuma una mkwaruzo mmoja unaonasa ukucha, na kwenye paa kuna sehemu kama kiganja imepauka. Nyumbani ipo grenda ya inchi nne na nusu: nikiifunga sponji itafaa? Au nipambane na kopo la rabingi (dawa nzito ya kusugulia rangi) na kitambaa?

FundiKlia
Mkuu, grenda iache ilipo. Inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, wakati mashine ya kupolishi ya rotari, ile inayozunguka tu bila kutikisika, inafanya kazi kati ya 600 na 2,000. Kwa kasi hiyo sponji inachanika na rangi inaungua kabla hujawahi kuzima swichi. Watu hudanganyika kwa sababu uzi wa M14 (skrubu ya milimita 14) wa sahani inayoshika sponji unaingia vizuri kwenye grenda nyingi.

Ujue kwanza unachokikata. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima (rangi ya kwanza juu ya bati) mpaka klia (tabaka la juu lisilo na rangi, linalong'arisha), ina unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, yaani kama karatasi moja ya fotokopi. Klia peke yake ni mikroni 35 hadi 50. Kupolishi ni kushusha uso wa klia mpaka ulingane na chini ya mkwaruzo, na kilichokatwa hakirudi. Mkwaruzo unaonasa ukucha achana nao: ukiufuata mpaka chini utatokea kwenye rangi. Lainisha kingo zake, kisha jaza kwa rangi ya kugusia.

Mistari hiyo ya duara inatokana na kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu na sponji ya kuoshea iliyobeba mchanga. Usipobadili uoshaji, polishi itadumu mwezi. Ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia sponji. Suuza gari zima kwa maji mengi kabla sponji haijaligusa.

Kwa kazi yako, tafuta mashine ya DA, ile inayozunguka huku ikitikisika. Ukigandamiza sana inaacha kuzunguka, hivyo ni vigumu kuunguza rangi kwa bahati mbaya. Sahani ya inchi 5 inatosha, na sponji nne au tano, siyo moja.

Osha, kisha ondoa vidoa vya maji: siki na maji nusu kwa nusu, kivulini, dakika moja au mbili, suuza. Vaa mfuko mwembamba wa mkate mkononi na upapase boneti. Ukisikia vipele, pitisha klei (donge laini linalonasa uchafu uliogandia rangi) kwa maji ya sabuni mengi, bila kukandamiza. Klei ikidondoka chini itupe, hata kama ni mpya. Kausha, funika raba, plastiki nyeusi na kingo zote kali za bodi kwa teipu ya karatasi. Kwenye kingo rangi huwa nyembamba kwa sababu ikiwa mbichi hukimbia ncha, na ndiko sponji inakoelemea.

Chagua kipande cha sentimita 50 kwa 50 katikati ya boneti, ndicho cha kujaribia. Anza na polishi laini na sponji laini. Mistari ikigoma, badili polishi kwanza, halafu sponji. Ukianza na kali hutajua kama laini ingetosha.

Sponji mpya ipake polishi nyembamba uso wote, kisha weka matone manne ya ukubwa wa punje ya mbaazi. Sambaza kwa kasi namba 1, panda hadi 4 au 5. Sogea sentimita 2 au 3 kwa sekunde, kila mstari ukilalia nusu ya uliopita: mara moja wima, mara moja mlalo, jumla mizunguko minne hadi sita. Chora mstari wa kalamu ya wino pembeni mwa sahani. Usipouona ukizunguka, umekandamiza mno au umeinamisha mashine.

Kila kipande kikiisha, sugua sponji kwa brashi. Klia iliyokatwa ikijaa ndani yake inageuka msasa.

Kitambaa_Safi
Nakubaliana na FundiKlia, ila mkono asiudharau. Hautafuta mistari ya boneti zima jeusi, hilo ni kweli: utasugua siku mbili na upate nusu ya matokeo. Lakini kwenye vikombe vya vishikio vya milango, nguzo za kioo na pembe za bampa, mkono ndio salama. Tumia sponji ndogo bapa, kwa sababu vidole vitupu vinakandamiza nukta nukta na kuacha michirizi. Kipande cha sentimita 30, dakika mbili, na usugue kwa mistari iliyonyooka. Duara ndiyo inayoonekana juani.

Tatizo la rabingi ya kopo kwa gari jeusi siyo ukali tu. Nyingi zina mafuta na nta zinazojaza mikwaruzo, gari linang'aa jioni ile, baada ya kuosha mara tatu mistari yote imerudi. Kabla hujasema kazi imeisha, futa kipande cha kujaribia kwa spiriti ya asilimia 70, sehemu moja kwa mbili za maji, kisha mulika tochi ya simu kwa pembeni. Petroli na thina usiguse: thina inalainisha rangi iliyopakwa gereji.

Nguzo_ya_B
Hakuna aliyeuliza kama rangi ni ya kiwandani. IST ya 2004 huenda imeshapigwa rangi upya hata mara mbili. Kipima unene wa rangi kikisoma mikroni 250 kwenda juu, mlango huo umepakwa upya. Kikisoma zaidi ya 1,000, chini kuna pati, ile ya kujazia bati lililobonyea. Kile cha sumaku hakisomi bampa la plastiki. Bila kipima, funua raba za milango utafute ukingo wa rangi au vumbi la rangi.

Rangi ya gereji mara nyingi ni laini kuliko ya Japani, inakatika haraka na inapata joto vibaya. Iliyopakwa majuzi iache siku 60 hadi 90 kabla ya kuiziba kwa waksi, ili thina iliyobaki ndani itoke.

Rangi ya kiwandani yenye chembe za kung'aa huwa na klia juu. Rangi nyeupe ya Toyota namba 040, kwa mfano, mara nyingi haina, na kitambaa kikitoka na rangi hiyo si ajabu. Namba ya rangi iko kwenye kibati cha gari, baada ya herufi C/TR. Gari lako likitia kitambaa weusi, simama hapo hapo: umeshamaliza klia.

Hiyo sehemu ya paa sasa. Pitisha maji. Ikirudi weusi wake ikilowa na kupauka ikikauka, huku pembezoni pana ukingo unaoweza kuuhisi, klia imekufa kwa jua na inabanduka. Hakuna polishi ya kuifufua, na mashine ikigusa ukingo huo itaubandua zaidi. Paa lipigwe msasa, kisha rangi na klia mpya. Usilipe mtu akupolishie hapo.

Mbuyuni04
Asanteni sana. Nimemwagia maji: inarudi nyeusi na ukingo upo, kwa hiyo paa ni la fundi rangi. Nimeazima DA na kujaribu boneti leo saa sita chini ya mwembe. Polishi inakauka baada ya mizunguko miwili, inatoa vumbi jeupe na inagoma kufutika. Shida ni polishi?

FundiKlia
Shida ni saa. Hata chini ya mwembe, chuma kilichoshinda juani bado ni cha moto. Weka kiganja: kama huvumilii sekunde tatu, acha. Fanya kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni. Punguza pia matone yawe matatu, na kama sponji imeshika joto chukua nyingine, ndiyo maana nilisema nne au tano. Iliyogoma usiisugue kikavu: weka tone moja jipya juu yake, pitisha mashine kasi namba 2 kwa sekunde kumi, futa kwa taulo la maikrofaiba.

Kwenye bampa shusha kasi hadi 3 na mizunguko miwili tu. Plastiki haisambazi joto kama bati, lote linabaki kwenye rangi.

Kitambaa_Safi
Angalia na waya wa umeme. Waya mrefu mwembamba unaonyima mashine nguvu utakufanya ukandamize, na ukikandamiza DA inaacha kuzunguka. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa mita 20. Waksi weka mwisho, nyembamba sana, na kwa gari linalolala nje rudia kila baada ya miezi miwili. Kama unaoshea maji ya kisima cha chumvi, suuza ya mwisho iwe ya bomba au ya mvua, na ukaushe kabla matone hayajakauka yenyewe.