Wahasibu wa mishahara, rekebisheni P9 zetu za 2025, mmetukata ushuru usio wetu

Waungwana, kama P9 yako ya 2025, ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na ushuru uliokatwa mwaka mzima, iko sawa, shukuru Mungu upite. Uzi huu ni wetu sisi tulioumizwa.

Tunafanya kazi kwenye yadi moja ya makontena huku Changamwe, Mombasa. Jina la kampuni silitaji, wenyewe wanajijua. Tumepewa P9, na yeyote anayechanga pensheni zaidi ya Sh20,000 kwa mwezi amekatwa ushuru ambao sheria haimdai. Si mwezi mmoja wa bahati mbaya. Ni Januari mpaka Desemba.

Kwa asiyejua: zamani mchango wa pensheni uliosamehewa ushuru ulikuwa na kikomo cha Sh20,000 kwa mwezi, yaani Sh240,000 kwa mwaka. Sheria ya marekebisho ya ushuru ya 2024 ikapandisha kikomo hicho hadi Sh30,000 kwa mwezi, Sh360,000 kwa mwaka, na ikaanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024. Kwa hivyo 2025 yote iko ndani ya kikomo kipya.

Sasa chukua P9 yako utazame safu ya E. Imegawanywa mara tatu. E1 ni asilimia 30 ya mshahara wa msingi, E2 ni ulichochanga kweli, E3 ni kikomo cha sheria. Kiasi kidogo kati ya hivyo vitatu ndicho kinachotolewa kwenye mshahara kabla ya kupigiwa ushuru. Kwetu sisi E3 imeandikwa 20,000 kwenye mistari yote, Januari hadi Desemba, haikutikisika hata mwezi mmoja. Yaani kuna mtu ameziprinti karatasi hizi, akazipiga muhuri, akatugawia, na macho yake hayakusimama hapo.

Tufanye hesabu, maana kuna watu watasema ni visenti. Mwenzetu mmoja mshahara wake ni Sh150,000. Mfuko wa kampuni unamkata asilimia 10, ambayo ni 15,000. Ameongeza 10,000 za hiari. NSSF, ule mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kuanzia Februari hadi Desemba 2025 ilikuwa 4,320. Jumla 29,320. NSSF inahesabiwa humo humo ndani ya zile 30,000, haina fungu lake pembeni, na wengi hulisahau hilo. Basi 29,320 yote ilitakiwa isiguswe. Wao wakaacha 20,000 tu, zile 9,320 zikarudishwa kwenye ushuru, na kwa mshahara huo zinatozwa asilimia 30. Hiyo ni Sh2,796 kila mwezi. Januari NSSF ilikuwa bado 2,160, kwa hivyo mwezi huo ni 2,148. Ukijumlisha mwaka unapata Sh32,904. Hiyo ni karo ya mtoto, jamani.

Lakini aliyenitia uchungu zaidi ni mzee wetu wa zamu ya usiku. Anakaribia kustaafu. Aliposikia kikomo kimepanda, akaongeza michango yake ya hiari ili afike 30,000 tangu Januari, akajinyima, ajitengenezee uzee wake. Ndicho hasa sheria ilichokuwa inamhimiza afanye. Malipo yake ni kukatwa Sh3,000 za ziada kila mwezi, Sh36,000 kwa mwaka, kwa kosa la kuweka akiba.

Tukaenda naye kwa mhasibu. Bwana alikuwa na chai na mahamri mezani. Akaipokea P9 ya mzee kwa vidole vya mafuta, mpaka leo karatasi ina doa papo hapo kwenye E3. Akaitazama, akairudisha, akasema, "Mzee wangu, pesa zako ziko kwenye pensheni, hazijapotea. Utazikuta ukistaafu."

Wallahi nilinyamaza kwa sababu ya umri wa mzee tu.

Hizi ni pesa mbili tofauti! Mchango umefika kwenye mfuko wote, hilo hatugombani, taarifa ya mwanachama tunayo. Tunachodai ni ile Sh3,000 iliyotoka kwenye mshahara ikaenda KRA, mamlaka ya ushuru, kama PAYE, yaani ushuru wa mshahara. Hiyo haiko kwenye mfuko wowote, haizai faida, na mzee akistaafu hataikuta popote asipoidai. Wala usije ukaniambia itasawazishwa mbele ya safari kwenye ushuru wa pensheni, kwa sababu sheria hiyo hiyo ya 2024 imeondoa ushuru kwenye mafao ya anayefikia umri wa kustaafu katika mfuko uliosajiliwa. Kitakachosawazishwa ni nini?

Tukambana. Akasema tatizo ni programu ya mishahara. Haya, tuitazame programu. Sheria ile ile, tarehe ile ile 27 Desemba 2024, ilisema makato ya SHIF (bima ya afya) ya asilimia 2.75 na ya nyumba ya asilimia 1.5 yatolewe kwenye mshahara kabla ya ushuru. Kwenye P9 zetu yote mawili yametolewa vizuri kabisa. Kwa hivyo kuna mtu aliifungua hiyo programu, akabadilisha mambo mawili, na la tatu akaliacha. Programu haikusoma nusu ya sheria. Mtu ndiye aliyesoma nusu.

Mwisho akatoa lile jibu la kutufukuza: "Basi kila mmoja arekebishe mwenyewe kwenye ritani."

Ndiyo, inawezekana, na nitalisema hapa ili msibabaishwe. Kwenye ritani, ile taarifa ya ushuru ya mwaka unayojaza kwenye iTax, mtandao wa KRA, kuna mahali pa mchango wa pensheni. Weka ulichochanga kweli bila kupita kikomo, na ushuru uliokatwa zaidi utatokea kama pesa unazodai. Ukishawasilisha, unaomba kurudishiwa. Kama ulishajaza kwa zile tarakimu mbovu, kuna ritani ya marekebisho, na sheria inakupa miaka mitano tangu siku ulipowasilisha ile ya kwanza. Hifadhi slipu za mshahara na taarifa ya mfuko. Na usingoje ugomvi wetu uishe ukapitwa na tarehe 30 Juni, maana faini ya kuchelewa ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru, kile kikubwa.

Tena nawaonya kuhusu baadhi ya vijana wa saiba (vibanda vya intaneti) wanaomjazia kila mtu 360,000 bila kuuliza amechanga ngapi. Aliyechanga 180,000 anadai 180,000, basi. Ukizidisha, ushuru uliopunguziwa utarudi kudaiwa pamoja na faini na riba ya asilimia 1 kwa mwezi.

Lakini kwa nini mzee wa miaka hamsini na kitu, anayetoka kazini alfajiri akapande matatu ya Likoni, akakae saiba kurekebisha kosa la mtu anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo hiyo? Na akirekebisha peke yake, ritani yake itasema hivi na P9 ya mwajiri itasema vile, halafu yeye ndiye wa kujieleza. Isitoshe, Sheria ya Fedha ya 2025 imemwamuru mwajiri aondoe misamaha na makato yote anayostahili mfanyakazi kabla ya kukokotoa PAYE. Hiyo ni tangu 1 Julai 2025. Kabla ya hapo labda mngejitetea kwa uzembe. Kuanzia Julai mlikuwa mnavunja amri iliyoandikwa.

Najua kinachowauma. Kurekebisha maana yake ni kurudi kwenye P10, zile ritani za PAYE ambazo mwajiri hupeleka kila mwezi kufikia tarehe 9, na kuzifungua moja moja, za miezi yote ya mwaka. Kazi ipo. Afadhali wafanyakazi watawanyike kila mtu na saiba yake kuliko ofisi ikae jioni mbili tatu.

Wenye P9 kama zetu, andikeni hapa chini E3 yenu inasema ngapi, msitaje kampuni. Barua yetu imeshaandikwa, tunakusanya sahihi wiki hii, na nakala inakwenda kwa wadhamini wa mfuko.

Na wewe mhasibu unayesoma kimyakimya, maana najua umo humu: P10 zinarekebishika. Anza na ya Januari.