Waliobadilisha rejeta ya hita wenyewe nyumbani, tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi (Tabata)

Wakuu, habari za jioni.

Najua wengi mtaanza kwa kucheka. Hita, Dar? Mtu akikukuta umewasha hita Buguruni mwezi wa kwanza atakuuliza kama umeshapima malaria. Lakini kifaa kimo ndani ya gari, ukitumie usikitumie. Ni rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi, inapokea maji ya moto ya injini kwa mipira miwili inayopenya ule ukuta kati ya boneti na miguu ya abiria. Kwenye magari mengi maji hayo yanazunguka humo muda wote injini inapowaka, hata kama hujawahi kusogeza swichi upande wa nyekundu tangu gari lishuke bandarini. Siku ikitoboka ndiyo unaijua.

Langu ni Carina ya 1998. Dalili zilikuja kidogo kidogo. Kulanti, yale maji ya kupoozea injini, inapungua kwenye kopo la akiba na chini ya gari pakavu. Ukifunga vioo unasikia harufu tamu tamu. Kioo cha mbele kinashika ukungu wenye mafuta, ukipangusa na taulo unausambaza tu. Mwisho kapeti la upande wa abiria likalowa. Nikabandika karatasi nyeupe ya choo pale chini, ikatoka na rangi ya waridi, ile ile ya kulanti niliyotia. Hapo mjadala ukaisha.

Gereji walinitajia bei ya kazi kubwa kuliko bei ya spea, na siwalaumu. Spea unaibeba kwa mkono mmoja. Kazi ni kushusha dashibodi. Nikaamua kufanyia uani, mpwa wangu akishika tochi.

Yale ambayo video za mtandaoni zinayapita haraka: kwanza betri. Chomoa terminali ya hasi, na kama gari lina eabegi, Toyota wanasema usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa soketi zake, zile za njano. Msiichukulie kimzaha hiyo. Pili, mwaga kulanti injini ikiwa imepoa kabisa. Tatu, ile mipira miwili ikigoma kutoka, msiizungushe kwa plaizi. Imeganda pale miaka mingi, ukilazimisha unapinda bomba la rejeta ya hita, na kama ulikuwa unataka kuizibua tu, sasa utanunua. Chukua wembe, uchane mpira kwa urefu, uubandue. Mpira mpya ni hela ndogo.

Plastiki ndiyo iliyonitoa jasho. Dashibodi iliyoanikwa jua la Dar miaka yote hiyo, klipu zake zinavunjika kama kaukau. Fanya kazi asubuhi kabla jua halijapanda, vuta taratibu, na kabla ya kuchomoa soketi yoyote piga picha kwa simu. Skrubu nilizipanga kwenye trei ya mayai, kila tundu nimeandika kwa maka zimetoka wapi. Wakati wa kurudisha mpwa wangu alikuwa ananipa skrubu bila hata kuuliza.

Ile rejeta ilipotoka, niliigeuza juani. Imevuja pale mirija inapoungana na kitanki cha pembeni, imeota ukoko mweupe wenye ukijani, na ukiitikisa unamwagika mchanga wa kutu. Mwenye gari wa kwanza alikuwa anatia maji ya kisima. Visima vyetu mnavijua, mtu akinywea chai anaongeza sukari kuua chumvi.

Zile sponji zinazozunguka rejeta zirudisheni au muweke mpya. Bila hizo upepo unapita pembeni na hita haifanyi kazi, mtadhani spea ni mbovu.

Haya, mwageni yenu. Nawaomba waliofanya kwa mikono yao.

Dada wa Kigamboni

Mkuu, hongera. Mimi naomba niseme kwa wale ambao hawajaanza kufungua: hakikisheni kwanza hayo maji ni ya hita kweli!

RAV4 yangu ililowa kapeti upande ule ule. Fundi akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akatoka na hukumu: hita imetoboka, tushushe dashibodi. Alishashika bisibisi. Nikamwambia subiri kaka. Nikachovya kidole: maji meupe, hayana utelezi, hayana harufu. Kopo la kulanti liko pale pale nilipoweka alama. Nikakumbuka kapeti linalowa siku nilizokaa foleni na AC inavuma, siku za vioo wazi ni kavu.

Yalikuwa maji ya AC. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, ikigusa kile kipoozeo cha AC ndani ya dashibodi inageuka maji, na yanatakiwa yatoke kwa kimpira kidogo kinachodondoshea chini ya gari. Changu kilikuwa kimezibwa na vumbi na majani. Fundi akakipuliza upepo wa kompresa kutokea chini, yakamwagika mpaka viatuni mwake. Tukamaliza hapo, hata skrubu moja haikufunguliwa.

Kwa hiyo AC ikiwa inawaka na hamuoni maji yakidondoka chini ya gari, anzeni na kimpira hicho.

Mwanzisha uzi (Tabata)

Dada umesema jambo kubwa. Hii ingekaa juu kabisa ya uzi.

Mzee wa Landrover

Vijana, mnahangaika. Landrover 110 sanduku la hita limekaa ndani ya boneti. Unafungua boneti, unatoa sanduku, unabadilisha, unarudisha, unakunywa chai. Waingereza walijua kutengeneza.

Kijana wa Sinza

Shikamoo mzee. Walijua kutengeneza hita, hilo tunakubali. Ya mafuta kuvuja tuyaache.

Mzee wa Landrover

Marahaba. Landrover isiyovuja ujue mafuta yameisha.

Msafiri wa Iringa

Naona mtu atakuja kusema “weka baipasi tu”, yaani uunganishe ile mipira miwili maji yairuke hita, ngoja nimuwahi.

Mimi kwetu Mafinga, naishi Kimara, na hiyo barabara naijua. Kuna safari moja nilikuwa na Mark II, tunapanda mlima wa Kitonga, mbele yangu malori yanatambaa, AC inawaka, gari limejaa watu na mizigo. Mshale wa temperecha ukaanza kupanda. Pale kwenye kona hakuna pa kuegesha, ukisimama ovyo lori la nyuma linakuja juu yako. Nikazima AC, nikashusha vioo vyote, nikageuza hita mpaka mwisho wa nyekundu, feni namba ya juu kabisa. Shangazi yangu aliyekaa mbele alinitukana kwa Kihehe. Lakini mshale ulisimama, ukashuka kidogo, tukafika penye nafasi nikaegesha.

Hita ni rejeta ya pili, inatoa joto kwenye injini na kulileta ndani. Haitibu ugonjwa, langu lilikuwa na rejeta kubwa iliyoziba na nilikwenda kuisafisha baadaye, lakini inakununulia dakika. Mwenye baipasi hana kitufe hicho.

Halafu nenda Makambako au Njombe mwezi wa saba, alfajiri, AC imekufa na ukungu umejaa kioo ndani. Utaitafuta hita kwa tochi.

Fundi wa Tandika

Wakuu, mimi ni fundi, nitasema ukweli wangu. Gari la Posta na Mbagala, AC yake nzima, mwenyewe hana mpango wa kwenda mkoani: baipasi naweka bila aibu. Kioo kikishika ukungu masika, AC inakausha hewa, inakitoa vizuri tu. Kushusha dashibodi ya gari kuukuu kuna gharama yake, likirudi linaanza kelele za plastiki ambazo hazikuwepo.

Ila baipasi ina adabu zake. Ile mipira miwili iunganisheni iwe njia moja, maji yaendelee kuzunguka. Msiizibe kila mmoja peke yake kwa bolti na klampu. Kuna injini zinazotegemea njia hiyo ili themostati, ile vavu inayofungulia maji kwenda rejeta kubwa, ipate maji ya moto na ifunguke kwa wakati. Na mpira uwe wa hita kweli, wenye nyuzi ndani, uliopindwa kwa umbo lake. Mpira wa kumwagilia bustani si mpira wa gari. Kile kipande cha bomba la plastiki la maji ya nyumbani mnachochomeka katikati, nakiona sana, kinalainika na moto.

Dereva wa Mbezi

Fundi umenigusa. Langu niliwekewa hicho kipande cha plastiki na mtu ambaye sitamtaja. Kilikaa kimya wiki kadhaa. Tukiwa tunaelekea Morogoro, Chalinze hatujafika, nikaona mvuke. Kimechomoka, kulanti yote iko barabarani. Bahati nilizima mara moja, silinda hedi (kichwa cha injini) ikapona. Wenzangu huwa wanaendelea “mpaka pale mbele kwenye vibanda”, na hapo ndipo gasketi inaungua.

Mama Mjasiriamali (Kinyerezi)

Naomba kuuliza, kuna jirani aliniambia nitie manjano kwenye rejeta, inaziba tundu lenyewe. Ni kweli? Gari ni Noah, kapeti linalowa na kulanti inapungua.

Fundi wa Tandika

Mama, usithubutu. Manjano, pilipili manga, ute wa yai, hata zile dawa za dukani za kuziba, hazichagui pa kuziba. Mirija ya rejeta ya hita ni myembamba kuliko ya rejeta kubwa, kwa hiyo ndiyo inayoanza kujaa. Gari likiletwa kwangu limetiwa manjano, nasafisha mfumo mzima kabla ya kugusa kitu kingine, na hiyo kazi unalipia wewe. Kwa sasa muambie fundi wako akufanyie baipasi ya muda huku unatafuta spea.

Kijana wa Sinza

Spea mnapata wapi? Mpya za gari la miaka ya tisini ni mtihani.

Mwanzisha uzi (Tabata)

Mimi nilipata iliyotumika, Ilala, kwenye maduka ya magari yaliyochinjwa. Usilipe kabla ya kupima. Omba beseni la maji, ziba bomba moja kwa kidole gumba, ubinye rejeta ndani ya maji, upulize bomba la pili. Muuzaji wangu alikuwa na pampu ya baiskeli kwa kazi hiyo. Ya kwanza ilitoa vipovu vidogo kabisa kwenye kona, kama haukutulia huvioni. Ya pili ikanyamaza. Ukifika nyumbani pitisha maji ya mpira pande zote mbili kwa kubadilisha, kwa nguvu ndogo, mpaka yatoke meupe.

Na angalia madini. Zile za zamani za shaba fundi wa rejeta anaweza kuzichomelea kwa risasi. Za aluminiamu usimpelekee mwenye jiko la mkaa na risasi, haishiki. Na gundi za kuchanganya haziendi mbali kwenye moto na presha.

Msafiri wa Iringa

Ongeza ya kutoa upepo uliobaki kwenye njia ya kulanti mkuu, watu wengi wanabadilisha vizuri halafu gari linachemsha kesho yake.

Mwanzisha uzi (Tabata)

Kweli. Paki pua ya gari ikiwa juu, mimi niliipandisha kwenye ngazi ya geti. Hita iwe upande wa moto kabisa ili njia ifunguke. Kifuniko cha rejeta kiwe wazi tangu injini ikiwa baridi, jaza mchanganyiko polepole, washa, acha ingurume taratibu huku unabinyabinya mpira mkubwa wa juu. Vipovu vinatoka, unaongeza, vinatoka tena. Ukisikia sauti ya maji kuchuruzika ndani ya dashibodi ujue upepo bado umo. Ikiisha, na upepo wa hita ukiwa wa moto kweli, ndipo unafunga. Likishachemka kifuniko hakifunguliwi, kuna watu wana makovu ya uso kwa jambo hilo.

Mchanganyiko wangu ni kulanti nusu na maji ya betri nusu, yale safi ya kuongezea, si asidi. Baridi ya kugandisha Dar hatuna, lakini kulanti ndiyo inayozuia kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka.

Dada wa Kigamboni

Na ile kulanti ya zamani mnamwaga wapi? Jirani yangu alimwaga kando ya ukuta, paka wake akafa.

Fundi wa Tandika

Nyingi zina ethilini glaikoli, ni sumu, na ni tamu, ndiyo maana mbwa wanailamba, na paka nao huilamba. Watoto vilevile. Kinga kwa beseni, tia kwenye dumu lenye mfuniko, andika “sumu”, peleka gereji wanakokusanya oili chafu, lakini usiichanganye na oili. Usiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa dakika moja.

Mama Mjasiriamali (Kinyerezi)

Asanteni wote. Fundi amekuja asubuhi, ameweka baipasi kwa mpira wenye nyuzi, kulanti haipungui tena. Ila harufu imebaki na kioo bado kinashika ukungu. Imekuwaje?

Mwanzisha uzi (Tabata)

Imebaki kwenye kapeti, mama. Chini ya kapeti kuna blanketi nene la kuzuia kelele, hilo ndilo limenyonya. Toa siti ya mbele, boliti nne tu, lakini chomoa betri kwanza kama kuna waya chini yake. Inua kapeti, toa blanketi, lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga mpaka utelezi uishe, halafu anika juani pande zote mbili. Ndani ya kioo pangusa kwa spiriti, maji matupu hayatoi yale mafuta. Siti usiirudishe mpaka blanketi likauke hadi katikati. Libinye kwa ngumi, ukiona unyevu wowote lirudishe juani.